Nyangumi Hakuonekana: Mhadhara wa Lamu kuhusu Kiingereza Kisichosomeka

Assalam alaykum. Kaeni, kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, maana sauti yangu si ile ya darasani, na kazi ya leo yote ni ya sikio.

Wanaonijua washajua nitaanzia wapi. Neno ni "gunwale". Haya, lisomeni. Naam, "gan-weli". Mmelisoma kama nilivyolisoma mimi, nami lilinifedhehi baharini mchana kweupe.

Nilikuwa kijana, napeleka wageni Manda, kisiwa jirani, kwa mashua ya ami yangu. Kiingereza changu kilitoka vitabuni, tena nilikusanya kile cha mabaharia, nikijua mtoto wa Amu, yaani Lamu yetu hii, atakayetaja viungo vya chombo kwa lugha ya wageni atawashinda wenziwe pale gatini. Siku hiyo mkondo ulikuwa mkali na mama mmoja wa Kiingereza amekaa vibaya. Nikampigia kelele ashike ukingo wa mashua: ashike "gun", ashike "whale"! Masikini, alichosikia ni bunduki na nyangumi. Akaruka. Wenzake wakaruka naye, wote upande mmoja, kamera shingoni, wanamtafuta nyangumi kati ya Amu na Manda! Mashua ikalala ubavu, maji yakaingia, samaki wetu wa mchana wakaogelea mara ya pili. Ami yangu usukanini alisema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee hawa. Mama yule alipopata pumzi akaniuliza nilitaka kusema nini. Nikamwonesha ukingo kwa kidole. Akacheka mpaka akalia, kisha akanitamkia: "ganl". Basi! Lina kina kimoja na "tunnel". Na nyangumi hamo kabisa. Hiyo "wale" ni ubao mnene wa ubavuni mwa meli, na bunduki imeingia kwa kuwa meli za vita ziliegemeza mizinga yake hapo.

Sasa kuna mtu atasema, na kila nikizungumza yupo: Waingereza wanakula herufi. Hawali! Nimechoka kulisikia hilo. Maneno ya baharini yamelika yenyewe, kama kizingiti kinavyolika kwa nyayo. "Boatswain" hutamkwa "bosn", "coxswain" ni "koksn", na "forecastle", ile sehemu ya omo, mbele ya meli, walimokuwa wakilala mabaharia, ni "foksl". Mtu anayeita katikati ya upepo hana nafasi ya kumaliza neno. Nanyi mnajifanya watakatifu. Nani hapa humwita mtoto wake "mwana wangu"? Mwanangu, mnasema, na herufi mmezitupa.

Huyo "boatswain" kwetu ni serahangi, na hapa pana utamu, nipeni dakika. Serahangi ametoka Uajemi, neno "sarhang", yaani kiongozi. Sisi tulimpa kazi chomboni chini ya nahodha. Huko Iran mpaka leo sarhang ni cheo cha kanali. Na "colonel" ya Kiingereza ni kichaa kingine. Ina herufi L mbili, lakini husemwa sawasawa na "kernel", kokwa. Wataliano walisema "colonnello", mkuu wa safu ya askari. Wafaransa wakaligeuza "coronel". Mwingereza akachukua mdomo wa huyu na kalamu ya yule, akaviweka pamoja bila aibu. Sisi tukasoma tulichokiona, tukasema kanali, tukalala usingizi.

Aina ya pili ya maneno ndiyo inayoniudhi, kwa sababu hapo hakuna kilicholiwa. Herufi zilipachikwa! "Debt", deni, lilitoka kwa Wafaransa bila B. Wasomi wakakumbuka kwamba Kilatini ni "debitum", wakaipachika B ili neno lionekane lina nasaba. Mdomo wa watu haukushughulika. "Island" ni hivyo hivyo: neno la asili la Kiingereza halikuwa na S, ila lilidhaniwa ni jamaa ya "isle", ambayo ina ukoo wa Kilatini, likavalishwa kanzu isiyo yake. Sisi tunaoishi kisiwani tunaliandika kila siku na uongo wake ndani. Na gati lenyewe, "quay", zamani waliliandika "key". Kalamu ikafuata Wafaransa, mdomo ukabaki nyumbani: "kii". Kijana wa biichi anayemwambia mgeni wakutane "kwei", mgeni atamngoja hotelini mpaka magharibi.

Naona mkono. Ndiyo, mwanangu? Kiswahili chetu husomwa kama kilivyoandikwa? Niandikie paa. Ni la nyumba au ni yule mnyama wa mwituni? Kaa ni la moto au ni yule anayetembea upande mikokoni? Mdomo wa mzee wa mtaa wa Mkomani unawatenga kwa pumzi, maandishi hayana habari. Nami niliwahi kukatwa alama kwa kuandika mato badala ya macho, na nti badala ya nchi, kama tusemavyo Kiamu, kana kwamba mamangu alizaliwa na kasoro ya ulimi. Kwa hiyo msiwacheke Waingereza sana.

Na wewe unayesema Kiingereza si chetu, tukitamke tupendavyo: tamka upendavyo, lakini mashua isilale.

Muda. Naambiwa muda, na nilikuwa na karatasi mbili zaidi. Basi mbio mbio. "Awry" si "ori", ni "a-rai", maana yake kombo. "Misled" ni "mis-led", aliyepotoshwa. Wako wasomaji wa Kiingereza wenyewe walioisoma "maizld" utotoni kwa kulijua kwa macho tu. "Epitome" ina silabi nne, "e-pi-to-mi", mfano halisi wa kitu. "Lieutenant" London ni "leftenanti", Marekani ni "lutenanti", msinigombanishe na yeyote. "Monsoon" naliacha, ingawa ni mausimu ya Waarabu, msimu wetu huu huu, iliyozunguka kupitia kwa Wareno ikaturudia mgeni.

La mwisho, "victuals". Someni. Siyo! Hakuna C hapo, hiyo nayo ilipachikwa. Ni "vitlz", maana yake chakula, ambacho naona akina mama washakipakua.