Nimesahau miwani: mazungumzo na watu wa dirishani, Dodoma

Mwenyekiti, ndugu watendaji wa kata na mitaa, wahudumu wa afya, mawakala wa pesa za simu, mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze namna ya kuwahamasisha wasiojua kusoma wajiunge na madarasa. Nitaligusa hilo mwishoni, tena kwa kifupi. Leo nataka tuzungumze habari zenu ninyi. Mtu asiyesoma vizuri anaweza kumaliza mwaka hajashika kitabu, lakini hamalizi wiki bila kufika dirishani kwenu.

"Nimesahau miwani." Nani hajawahi kuambiwa hivyo hapa? (Vicheko.) Na zipo nyingine. "Nisomee wewe, hapa mwanga hafifu." "Naenda nayo nyumbani nikaisome kwa utulivu." "Mkono unauma, niandikie." Kijana hasemi miwani, yeye simu imezima chaji, au abiria anamsubiri nje. Wengine, nisiwaonee, kweli shida ni miwani tu. Mtu akishavuka miaka 40 maandishi ya karibu huanza kumkimbia, na fundi cherehani wa pale Majengo aliyekuwa akisoma gazeti kila siku anaacha kidogo kidogo, akidhani ndiyo uzee umeingia. Huyo ukimpa miwani ya kusomea umemaliza. Kwa hiyo msiwe wapelelezi. Hamwezi kujua nani ni nani, na wala hamhitaji kujua. Nitawaonyesha kwa nini.

Tukisikia "asiyejua kusoma" tunamwona bibi wa kijijini. Bibi yupo, na kwa kweli yeye ana nafuu. Atakwambia waziwazi: "Mjukuu wangu, sisi tulichunga ng'ombe, shule tuliisikia tu." Hakuna atakayemcheka. Mwenye mzigo mzito ni kijana wa miaka 22 aliyemaliza darasa la saba. Cheti anacho. Mama yake alinunua sare na madaftari, na jirani zake wote walimwona akienda shule miaka saba. Atamwambia nani kwamba aya moja inamchukua robo saa, na akifika mwisho kasahau mwanzo? Mwaka 2012 taifa zima lilishtuka kusikia kuwa maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Tulishangaa wiki mbili, tukaendelea na mambo yetu. Watoto wale sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Wengine ndio wanaotuendesha kwenye bodaboda kutoka Nanenane kwenda Nkuhungu, na njia zote wanazijua kwa kichwa.

Hao vijana wana akili za kutosha, na ujanja wao ukiufuatilia utastaajabu. Kwenye kundi la WhatsApp hutuma sauti tupu. Noti hawakosei hata gizani: mwekundu wa tembo ni elfu kumi, kifaru elfu tano, simba elfu mbili. Namba za simu wanazihifadhi kwa picha. Hesabu ya mafuta, marejesho ya bosi na faida ya siku wanaifanya kichwani kabla hujatoa simu yako kupiga hesabu.

Lakini ujanja huo una bei. Mawakala mnanijua ninapoelekea. Mama anafika kibandani, anakupa simu: "Nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni hii," anaitaja mbele ya foleni nzima. Wewe ni mwaminifu, sawa. Je, kijana uliyemwachia kibanda Jumapili? Na yule wa nyuma kwenye foleni aliyeinamisha kichwa akijifanya anafunga kamba za viatu? Baadaye mama huyohuyo anapigiwa simu na tapeli: nimekosea kukutumia hela, angalia meseji. Meseji ipo kweli. Haikutoka kampuni ya simu, imetoka kwenye namba ya mtu, na mwenye kusoma angeliona hilo. Mama anaona tarakimu tu, kwa hiyo anarudisha hela ambayo haikuingia.

Tena kuna siri. Anayesomewa na wengine hana siri. Nimemkuta mtoto wa kike wa darasa la nne nje ya kituo cha afya akimsomea mama yake karatasi ya majibu ya vipimo, neno kwa neno, kwa sauti ya darasani, na watu wamekaa kwenye benchi kila upande. Mama anatazama chini. Mhudumu aliyeandika karatasi ile alikuwa hatua chache kutoka pale.

Na ardhi. Tangu Serikali ilipohamia hapa kwa vitendo, kuanzia 2016, bei ya kiwanja Dodoma imepanda hadi mashamba ya pembezoni yanawindwa. Mzee mmoja, upande wa Bahi, aliweka dole gumba kwenye karatasi akijua anakodisha shamba kwa misimu mitatu. Karatasi ilisema ameuza. Mashahidi wote wawili walikuja na mnunuzi. Karatasi ilisomwa, ndiyo, ila ilisomwa na huyohuyo mnunuzi, naye alisoma yale aliyotaka mzee ayasikie. Watendaji, mihuri iko mezani kwenu. Mikataba ya kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ni hadithi hiyohiyo, sitaki hata kuianza.

Sasa niseme kidogo kuhusu kusoma kwenyewe. Wapo watu waliofundishwa vizuri, na mwalimu mzuri, na bado maandishi hayakai. Hali hiyo huitwa disleksia. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwerevu, hodari katika michezo, hesabu anazipata, lakini hata maneno mepesi humshinda kuyasoma. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa wa kwanza shuleni. Kwetu mtoto kama huyo tumemchapa, tumemwita kilaza, tumemweka dawati la nyuma.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye shida hii hakosei sana herufi. Anachelewa. Na lugha yetu ina maneno marefu, sentensi nzima ndani ya neno moja. Chukueni tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi moja, siitaji: "Wasiokuwa na namba ya malipo hawatahudumiwa." Msomaji wa polepole anaanza, ha, wa, ta, hu, anahema, du, mi, wa. Akifika mwisho amebaki na "watahudumiwa". Ile "ha" ya mwanzo iliyobeba katazo lote imeshapotea. Anakaa kwenye benchi kwa amani, anasubiri kuhudumiwa! Saa nane dirisha linafungwa, anagombezwa: hukuona tangazo? Aliliona. Alilisoma pia. Bandikeni hivi: "Huna namba ya malipo? Anza dirisha la 2." Chora mshale. Na mtoto mwenye disleksia akifika sekondari anakutana na Kiingereza, ambacho tahajia yake haifuati matamshi, na hapo ndipo wengi wanapoamua kwamba shule basi.

Wazee mtakumbuka tulipotoka. Sensa ya 1967 ilikuta kama theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenda kila kijiji, jioni, chini ya mti, aliyesoma kidogo akimfundisha ambaye hajasoma kabisa. Kufikia 1986 Serikali ilihesabu wasiojua kuwa chini ya asilimia 10. Ni kazi kubwa, na anayeibeza hajui alichokisema. Lakini mzee wa Mpwapwa aliyefika hatua ya nne, ya juu kabisa katika mitihani ile, leo anasoma jina lake na la chama chake, basi. Vitabu viliisha, magazeti ya vijijini yakafa, hakupata cha kusoma kwa miaka na miaka. Mtaalamu atamhesabu kati ya waliofuta ujinga. Nesi wako atampa karatasi ya dawa.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Msimuulize mtu kama anajua kusoma, maana hapo ndipo miwani inaposahauliwa. Msomeeni kila mtu. Profesa wa Chuo Kikuu cha Dodoma akija, msomee. Asiyetaka atakwambia asante, naona mwenyewe. Kwenye dawa, usiishie kuandika "2x3" ukasukuma bahasha dirishani. Sema: vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Kisha muulize, "Hebu niambie, ukifika nyumbani utazinywaje?" Akikosea, rudia, hiyo ni nusu dakika. Kwenye dole gumba, karatasi isomwe na mtu aliyechaguliwa na mwenye dole, mnunuzi akiwa kimya, na nakala ibaki kwa mwenye dole. Wakala, mgeuzie mteja simu abonyeze namba ya siri mwenyewe. Tarakimu anazijua, anakosa subira yako tu.

Na msiniambie haiwezekani. Karatasi ya kura ina picha ya mgombea na nembo ya chama. Tunapozitaka kura zao, tunajua vizuri kabisa namna ya kuongea na wasiosoma. (Makofi, vicheko.)

Kuhusu madarasa, kwa kifupi kama nilivyoahidi. MEMKWA ipo kwa watoto na vijana walioikosa shule, MUKEJA kwa watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo tangu 1975. Ulizeni kwa afisa elimu kata. Ila usimtangaze mtu kwenye mkutano wa mtaa kwamba fulani aandikishwe. Mweleze pembeni, mara moja, umwachie. Na muda wa darasa mpange na yeye: msimu wa kulima hakuna atakayekuja saa tisa.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Kama kuna maswali, naomba tuanze na yule dada wa dirisha la dawa. Nilipotaja nusu dakika alitikisa kichwa, na nadhani ana foleni ya watu mia moja ya kuniuliza.