Sekunde Kumi na Tano: Mhadhara Kuhusu Glavu za Oveni

Kina mama, kina baba na vijana mliofika, asanteni sana. Tuanze na trei ya mikate iliyo ndani ya oveni ya nyuzijoto 200. Unafungua mlango, unaishika, unaivuta, unageuka, unaitua mezani. Hesabuni nami polepole: moja, mbili, tatu... Ukiwa umejiandaa, kazi yote inaishia kwenye nane au kumi. Lakini ukigeuka ukakuta meza imejaa vyombo, ukaanza kumwita mtoto aje aondoe bakuli, unafika ishirini na trei bado iko mikononi. Hapo ndipo watu wanapoungua, au wanapoiachia trei ikawaangukia miguuni.

Kwa hiyo ukifika dukani usiridhike na muuzaji anayekwambia glavu hii inahimili nyuzijoto 300 au 500. Muulize: kwa sekunde ngapi? Hakuna glavu inayozuia joto moja kwa moja. Inalichelewesha tu, na muda wa huo ucheleweshaji ndio unaoulipia.

Kinachochelewesha joto ni hewa. Pamba iliyojazwa ndani ya glavu kazi yake kubwa ni kuishikilia hewa ikatulia, maana hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo. Sasa chukua tambara lililotoka kufutia meza, lina unyevu kidogo tu, ushikie trei. Pale palipokuwa na hewa pana maji, na maji hayo yakigusa chuma cha nyuzijoto 200 yanageuka mvuke papo hapo, nao unapita kwenye kitambaa hadi kiganjani. Glavu ya bei kubwa ikilowa inafanya hivyo hivyo. Kama kuna jambo moja la kulibeba leo nyumbani, ni hili: kitu chenye unyevu hakishikii chombo cha moto, hata kwa haraka.

Uzito nao una hesabu yake. Ukibeba sufuria nzito, vidole vinaiminya pamba, hewa inatoka, joto linapita upesi. Glavu uliyoiona nene dukani inaweza kubaki nyembamba kama kanga pale kidole gumba kinapobana. Kwa hiyo ibonyeze kwa nguvu katikati ya kidole gumba na cha shahada, kisha iachie. Iliyo nzuri inarudi kujaa. Inayobaki bapa ina sponji hafifu, iache hapo hapo.

Tuje kwenye kitambaa chenyewe, na hapa nitakawia kidogo. Glavu nyingi zenye maua mazuri zina pamba nje, lakini ndani zimejazwa poliesta. Poliesta, ambayo ni nyuzi za plastiki, huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi, na baadhi ya nailoni huanza kuyeyuka mapema zaidi, kwenye 220. Oveni ya nyumbani yenyewe hufika 250. Pamba haiyeyuki: inabadilika rangi, inaungua, lakini haikugandi ngozini. Plastiki iliyoyeyuka hugandia ngozi na kuendelea kuiunguza.

Kuna jaribio la kumaliza ubishi. Vuta uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, na mwingine kutoka kwenye ujazo. Ushike kwa kibano, si kwa vidole, juu ya sinki, uuguse kwa kiberiti. Uzi wa pamba utashika moto kwa utulivu, utanuka kama karatasi inayoungua, na utaacha jivu la kijivu linalovunjika ukiligusa. Uzi wa poliesta utajikunja kwanza, ukimbie moto, kisha udondoke, na ukishapoa utaona kichwa cheusi kigumu kama punje ya ufuta. Aramidi, nyuzi zile za njano au nyeusi zinazotumika pia kwenye nguo za wazima moto, itageuka kaa pale ilipoguswa na kuzimika mara moto ukiondolewa.

Basi aramidi ndiyo bora? Kwa chuma kikavu cha moto, ni nzuri sana. Lakini glavu zake nyingi zimefumwa kama soksi, zina matundu. Mafuta ya kukaangia samaki yakimwagika au mvuke wa biriani ukitoka kwenye kifuniko, vinapita moja kwa moja. Silikoni, ile iliyo kama mpira laini, ina sifa kinyume chake: haipitishi kimiminika, inashika bila kuteleza, na huvumilia nyuzijoto 230 hivi. Tatizo lake ni kwamba silikoni tupu isiyo na kitambaa ndani hupitisha joto haraka kuliko watu wanavyodhani, kisha ikipakwa mafuta inateleza. Tafuta ile yenye pamba ndani, na hakikisha bitana lake limeshonewa hadi kwenye ncha za vidole, lisije likatoka na mkono unapoivua. Kwa mpishi wa kawaida anayeoka keki na mikate, mimi ningemshauri pamba nene ya taulo, tabaka mbili au zaidi, yenye madoa au mistari ya silikoni kiganjani. Zile zenye rangi ya fedha kiganjani hurudisha joto linalokuja kwa mng'ao tu. Chuma kikizigusa, utando ule haukusaidii kitu.

Kwenye glavu zinazotoka Ulaya mnaweza kukuta alama EN 407, yaani kiwango cha Ulaya cha kupima glavu za kukinga joto, na tarakimu sita chini yake. Ninyi angalieni ya pili, ndiyo inayohusu kugusa kitu cha moto. 1 maana yake ilijaribiwa kwa nyuzijoto 100, 2 kwa 250, 3 kwa 350, 4 kwa 500, na katika kila ngazi glavu ilitakiwa kumudu angalau sekunde 15 kabla joto la ndani halijapanda nyuzi 10. Ikiwa hapo pana herufi X, haikujaribiwa. Kwa oveni ya nyumbani tafuta 2.

Umbo: shingo ya glavu ivuke kifundo cha mkono kwa sentimita 10 hadi 15, kwa sababu waya za rafu ya juu huunguza mkono kabla ya kiganja. Isikubane. Uache kama sentimita moja mbele ya vidole, na uweze kuirusha kwa kutikisa mkono mara moja. Hili la kuirusha ni muhimu hasa kwa zenye vidole vitano: mafuta ya moto yakiingia ndani, kila kidole kinataka kuvutwa peke yake.

Ukishanunua, ijaribu. Chemsha maji sufuriani, zima jiko, vaa glavu kavu, kandamiza kiganja ubavuni mwa sufuria, uhesabu. Ondoa mkono mara tu unapohisi joto kali. Kama haikufika 15 kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ambayo ni nyuzijoto 100 tu, usiipeleke kwenye oveni ya 200. Na kumbukeni, glavu iliyokwisha kubeba trei moja bado ina joto ndani. Trei ya pili inaanzia pale ya kwanza ilipoishia, ya tatu vivyo hivyo. Anayeoka trei tatu mfululizo awe na jozi mbili za kupokezana.

Wengi wetu hatuoki kwenye oveni kila siku. Tunapalia makaa juu ya kifuniko, kwa mkate wa kumimina au wali. Hapo glavu ya kitambaa haifai kabisa, kaa moja likidondoka linaitoboa. Tumia koleo refu, na mkononi glavu ya ngozi ya mafundi wa kuchomelea, inauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Iwe kavu, maana ngozi ikilowa kisha ikapata moto hujikunja na kukakamaa. Na anayesonga ugali ajue kwamba anashika sufuria kwa dakika, wala si sekunde. Glavu yoyote itapata moto. Sufuria yenye mpini mrefu, au jiko lenye vyuma vya kuibana sufuria, ndilo jibu. Ukitumia kanga, ikunje mara nne na ufiche ncha zake zisining'inie juu ya moto wa gesi.

Kufua: aramidi isiguswe na jiki, wala isianikwe juani muda mrefu, vyote viwili huidhoofisha. Ya pamba ifuliwe bila dawa ya kulainisha nguo, ikauke hadi ndani. Kwa nje hukauka siku moja, ujazo ukabaki na maji, kwa hiyo ingiza mkono uhakikishe. Kila mwezi ielekeze dirishani, chungulia ndani. Mwanga ukipenya kwenye kiganja, au pameungua hata kidogo, imekwisha.

Na mtu akiungua: vua pete na bangili, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 kamili, tazameni saa. Usiweke barafu, dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichonyonyoka. Malengelenge makubwa kuliko kiganja cha mwenyewe aliyeungua, au jeraha jeupe lisilouma, au ameungua uso au maungio kama goti na kiwiko, au ni mtoto mdogo, nendeni hospitali.

Glavu hizo zining'inizwe kando ya oveni, si juu yake, mahali mkono unapofika kabla ya kufungua mlango. Sasa maswali, tuanze na dada pale nyuma.