Kisahani Kinachosikia Mkono

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa kwaya, sogeeni mbele, maana nilichoshika ni kidogo.

Hiki ni kisahani cha shaba, ukubwa wake kama sarafu. Nimekitoa kwenye pedi ya ngoma ya umeme iliyokufa. Katikati kina utando mweupe wa kauri. Ukikigonga kinatoa umeme kidogo. Ukizidisha nguvu, umeme nao unazidi. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionesha tabia hiyo kwenye fuwele mwaka 1880, wala hawakuwa na habari na ngoma. Leo pedi nyingi zinausikia mkono kwa njia hii.

Mashine za midundo zilikuwepo kabla ya pedi. Mwaka 1959 Wurlitzer ya Marekani ilitoa Sideman, ikawa inapiga yenyewe. Kinanda chetu cha kanisani ni mjukuu wake: unabonyeza, kinajipiga, na kwaya ikichelewa imeachwa. Sina ugomvi nacho, ila hakisikilizi mtu.

Mwaka 1981 Dave Simmons wa Uingereza akaleta SDS-V, pedi za pembe sita zinazopigwa kwa vijiti. Sauti yake ilipendwa sana. Lakini uso wake ulikuwa polikaboneti, plastiki ya ngao za askari wa kutuliza ghasia! Wapigaji wakaanza kulalamika kuumwa vifundo vya mikono.

Sasa twendeni Bujora, hapo Kisesa nje ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kabla ya bugobogobo, mchezo wa Wasukuma wa kucheza na majembe, ngoma inaoteshwa moto ngozi ikaze. Mpigaji anaigonga kwa kidole, anatega sikio, hajaridhika, anairudisha motoni. Yeye anajua kwamba ngozi nayo inampiga mpigaji, inamrudishia mkono. Simmons alipata sauti, akakosa hicho.

Hicho alichokikosa kilirudi mwaka 1997, Roland ya Japani ilipotoa V-Drums zenye uso wa wavu, uliobuniwa pamoja na Remo, watengenezaji wa ngozi za plastiki. Wavu unakazwa kama ngozi, kijiti kinaruka, na kelele zinapungua sana. Mpangaji wa Mabatini, hapa Mwanza mjini, anavaa hedifoni, anapiga hadi usiku wa manane. Pedali ya mguu tu ndiyo itakayomchongea kwa mwenye nyumba.

Kisahani nimekiunganisha na spika ile. Njoo wewe binti, gonga taratibu kwanza. Mmesikia? Haya, sasa gonga kama unamwita mtu aliyeko ng'ambo ya ziwa, Kamanga.