Ufunguo wa Jiko la Nje

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie mume aliyemuua mkewe, pale anaposimama mbele ya jaji na kusema: "Alinikasirisha."

Utetezi huo upo kisheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 201, inasema aliyeua kwa ghadhabu baada ya kukasirishwa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kuua kwa kukusudia adhabu yake hapa Tanzania ni moja tu, kunyongwa. Kuua bila kukusudia, jaji ana nafasi ya kupima, kuanzia kifungo cha maisha kushuka chini. Basi wakili wa mume lazima aujaribu mlango huo, na simlaumu, ndiyo kazi yake.

Lakini tulitazame hilo neno "ghafla". Tuseme mume kakuta ujumbe kwenye simu ya mkewe saa tatu usiku. Wamegombana sebuleni. Katoka, kavuka ua, kafika jiko la nje linakowekwa panga. Jiko limefungwa kwa kufuli. Karudi ndani, kapapasa juu ya kabati mpaka kaupata ufunguo, kaenda kufungua, kachukua panga, karudi sebuleni. Kizimbani atasema giza lilimwingia machoni, hakumbuki kitu. Mwendesha mashtaka anayejua kazi hatabishana naye kuhusu hasira. Atamuuliza habari za ufunguo.

Kifungu cha 202 kinaendelea: je, mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa angepoteza uwezo wa kujizuia, tena akashambulia kwa namna ileile? Mtu huyo wa kawaida ni sisi. Tunapokaa kijiweni, habari ya fumanizi ikaletwa, tukasema "hata mimi ningeua", tunamsaidia muuaji wa kesho kupata kipimo chepesi. Na kitendo halali, sheria inasema, si uchokozi. Mke kudai talaka ni halali. Kurudi kwao baada ya kupigwa ni halali. Hata penye ugoni wa kweli, Sheria ya Ndoa ya 1971 imeweka njia: unamshtaki mgoni, unadai fidia. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzake wa ndoa.

Utetezi huu tuliurithi kwa Waingereza. Wenyewe mwaka 1946 walishakataa kwamba mke kukiri tu kuwa katoka nje ya ndoa kunatosha. Sheria yao ya 2009, iliyoanza kutumika Oktoba 2010, iliufuta utetezi wa zamani na kuweka mwingine, na usaliti wa kimapenzi peke yake hauhesabiki tena. Huko pia kulikuwa na Kiranjit Ahluwalia, aliyeteswa na mumewe miaka kama kumi, akamchoma moto usingizini mwaka 1989. Hasira yake haikuonekana ya ghafla, akahukumiwa kwa kuua kwa kukusudia, hadi rufaa ya 1992 ilipompa nafasi kwa hoja ya hali yake ya akili. Huyo "ghafla" amempendelea sana mwenye nguvu za kupiga papo hapo.

Liko jambo linaloniuma kuliko yote haya. Matusi yanayodaiwa kutamkwa na marehemu, mara nyingi aliyeyasikia ni mtu mmoja tu, naye ndiye yupo kizimbani. Marehemu hawezi kujibu. Na shaka ikibaki, inamfaa mshtakiwa, ndivyo haki inavyotaka. Wa kuliziba pengo hilo ni nyinyi: jirani aliyesikia mwezi uliopita "iko siku nitakuua", mama mzazi aliyempokea binti yake jicho limevimba, balozi wa nyumba kumi aliyewasuluhisha mara tatu. Vitisho vya nyuma ndivyo vinavyoonyesha kwamba hasira haikuzaliwa usiku ule.

Kwa hiyo mpelelezi akija, nawaomba, msimwambie "mambo ya ndani ya nyumba hatuyajui". Mwambieni mlisikia maneno gani, siku gani, na mlikuwa mmesimama wapi.