Ukinunua soda ya mshindani wako, usiizike

Mwenyekiti, wenzangu wa fani ya masoko, na nyinyi wanafunzi mliobanana kule nyuma mlangoni, asanteni kwa kuja. Nimepewa mada ya historia ya chapa za soda, na waandaaji wanajua nitaelekea wapi, maana hili nimelisema katika kila ukumbi ulionipa kipaza sauti. Nalirudia kwa sababu hadi leo nakutana na watu wazima, wenye shahada zao, wanaosema "tumeinunua ile chapa" kama mtu aliyenunua lori na kukabidhiwa funguo. Hati ya mauzo inakupa haki ya kuchapa jina kwenye lebo. Mnywaji hayumo kwenye hati.

Twende India. Jinsi Coca-Cola ilivyozaliwa nairuka, mmeshafundishwa mpaka mmechoka. Mimi naanzia ilipoondoka. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1973 ilizitaka kampuni za nje zipunguze umiliki wao hadi asilimia 40. Serikali mpya ya 1977, George Fernandes akiwa waziri wa viwanda, ikakaza uzi. Coca-Cola haikuwa tayari kuachia fomula yake, ikafungasha virago. Nchi yenye joto lile na watu wale ikabaki bila kola kubwa.

Mwaka huohuo ndugu wawili, Ramesh na Prakash Chauhan wa kampuni ya Parle, wakatoa kola waliyoiita Thums Up, yaani "gumba juu".

Najua kuna mtu hapa ana jibu mdomoni tayari: walibahatika, mkubwa hakuwepo. Hoja hii nimeisikia mara nyingi na inanichosha, kwa hiyo tuimalize sasa hivi. Nafasi ile haikuwa ya Parle peke yao. Serikali yenyewe iliingia sokoni na kola yake, Double Seven, iliyopewa jina kwa heshima ya mwaka ule wa 1977 na kutengenezwa na Modern Food Industries, shirika la umma lililojulikana kwa mikate. Ilikuwa na serikali nyuma yake, na haikufika mbali. Pure Drinks nao wakatoa Campa Cola, na hawa walikuwa wajazaji wa Coca-Cola wenyewe, yaani wenye viwanda vya kuitia soda yake kwenye chupa, wenye mitambo na uzoefu. Wote hao walikuta mlango uleule uko wazi. Bahati ikigawiwa kwa watatu na mmoja akawapita wenzake, tafuteni sababu nyingine.

Sababu ni kwamba Parle walimwangalia muuzaji kabla ya kumwangalia msanii wa nembo. Muuzaji wa soda wa India ya miaka ile mara nyingi hakuwa na friji. Soda tamu ikipata joto inachusha, inakuwa maji ya sukari. Basi wakatengeneza kola yenye gesi kali, sukari iliyopungua kidogo, na ladha inayoelekea kwenye viungo, ili hata chupa isiyo baridi sana bado imchangamshe mtu. Mnaona kazi ilipofanyika? Ilifanyika ndani ya chupa, kwa kumfikiria mtu mwenye kreti juani. Nembo ikafuata: gumba jekundu limeinuliwa. Asiyejua kusoma anaitambua, na mwenye haraka anaiagiza kwa kuinua kidole chake. Kisha kaulimbiu ya radi, "Taste the Thunder", ambayo haikuahidi kitu ambacho kinywaji hakina. Ulikuwa ukiambiwa utaonja radi, na kweli ilikupiga puani.

Pepsi ilipoingia, kuanzia 1990, ikilazimika kuuzwa kwa jina la Lehar Pepsi, Thums Up hawakukimbilia kubadilisha rangi wala kutafuta mshauri. Waliongeza kinywaji: chupa ya mililita 250 ikawa 300, wakaiita MahaCola. Mteja akapata zaidi. Hiyo nayo ni kazi ya chapa, ingawa haimo katika vitini vyenu.

Sasa 1993. Coca-Cola inarudi. Ramesh Chauhan anapima: mbele yake majitu mawili kutoka Marekani, nyuma yake wajazaji ambao wengi ni wenye viwanda vyao, wanaoweza kushawishiwa kuhama. Anauza. Thums Up, Limca, Gold Spot, Citra na Maaza, zote pamoja, kwa takribani dola milioni 60 kama ilivyoripotiwa. Wakati huo Thums Up ndiyo kola iliyokuwa ikiongoza nchini.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira kila ninapofika. Mnunuzi alikuwa na kola yake. Aliitaka ile kola yake ikae kitini. Kwa hiyo Thums Up ikawekwa pembeni: matangazo yakapunguzwa, msukumo ukahamia kwingine. Hesabu ya mezani ilikuwa nyepesi: mnywaji akikosa hii, atachukua ile, zote ni zetu. Mnywaji hakuisoma hesabu hiyo. Aliyependa kola kali hakuona sababu ya kuhamia kwenye ile tamu zaidi eti kwa kuwa kampuni ni moja. Na kama ni kuchukua kola tamu, Pepsi ilikuwa rafu hiyohiyo, vijana wanaishangilia. Kila ulipoidhoofisha Thums Up, ulimpa Pepsi nafasi, na ulimpa kwa fedha yako mwenyewe!

Walizinduka kabla ya miaka ya tisini kwisha. Thums Up ikarudishiwa matangazo, ikapewa sura ya kinywaji cha mtu mzima asiye na woga, na Pepsi ikaachiwa utoto: "Grow up to Thums Up", yaani kua, uje kwenye Thums Up. Ikapanda. Coca-Cola wenyewe walitangaza kwamba mwaka 2021 mauzo yake yalivuka dola bilioni moja. Rudini kwenye ile milioni 60 iliyonunua chapa tano, halafu mniambie ni mkurugenzi gani alistahili kuachiwa aizime.

Utauliza, mbona Gold Spot ilikufa? Ndiyo, ilikufa. Soda ya machungwa iliyopendwa iliondolewa kuipisha Fanta, na Citra ikaipisha Sprite. Sijasema chapa haifi. Mwenye hati akiamua kuiondoa kwenye viwanda vyote, itakufa tu. Ninachokataa ni ile imani kwamba ukishaizima, wapenzi wake wanakufuata wewe.

Suala la chupa za kioo za kurudishwa nilitaka kulipa nafasi yake, lakini naona mwenyekiti anaangalia saa. Kwa kifupi: fedha nyingi ya mjazaji imelala kwenye chupa na kreti zenye nembo. Ukimwambia abadilishe soda, umemwambia atupe kioo. 

La mwisho. Campa Cola, niliyoitaja mwanzo, ilififia kabisa baada ya majitu kurudi. Mwaka 2022 Reliance, kampuni kubwa ya India, walilinunua jina hilo kutoka Pure Drinks, na 2023 wakalirudisha madukani, chupa ndogo kwa rupia 10. Matajiri wenye uwezo wa kubuni jina lolote jipya walienda kutafuta la zamani. Waulizeni walichokuwa wakinunua, maana kiwanda kipya wangejenga wenyewe. Mwenye swali kuhusu mikataba ya wajazaji anifuate nje. Hiyo sikuigusa, na ina mambo mengi kuliko yote niliyosema hapa.