Bauhaus na uchovu wa mji wa viatu

ZUHURA: Haya, tumerudi. Baraka leo kaja na santuri, kaifunga kwenye kanga ya mke wake. Kuna nini humo?

BARAKA: Jalada, dada. Ningelipitishaje kwenye daladala? Hebu lione.

ZUHURA: Subhanallah. Mwanamume uchi anapuliza tarumbeta!

BARAKA: Picha ya Duane Michals, Mmarekani. Na hiyo ndiyo *In the Flat Field*, albamu ya kwanza ya Bauhaus, bendi ya roki ya Uingereza. Novemba 1980, lebo ya 4AD.

ZUHURA: Juzi uliponitumia nyimbo zake nikautafuta ule wimbo wao wa Bela Lugosi, yule mwigizaji wa filamu ya Dracula. Sikuuona.

BARAKA: Haumo. Ule waliurekodi Januari 1979, bendi ina wiki sita tu, na una zaidi ya dakika tisa. Ndio uliowapa jina. Mwingine angeufanya wimbo wa kwanza kwenye albamu. Wao wakauacha nje, wakaweka nyimbo tisa nyingine.

ZUHURA: Jeuri hiyo.

BARAKA: Jeuri na nusu! Ila mimi naona waliwahi kukwepa. Watu walishaanza kuwaona ni bendi ya popo na majeneza.

ZUHURA: Si ndio gothiki yenyewe, ile roki ya giza na makaburi?

BARAKA: Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu. Hamna mzimu mle. Mna kijana aliyechoshwa na mji wake. Hawa ni watu wa Northampton, mji wa viwanda vya viatu katikati ya Uingereza. Peter Murphy, mwimbaji wao, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha uchapaji, mpaka Daniel Ash, aliyesoma naye, alipomfuata waanzishe bendi. Ukimsikia anavyopiga kelele mle ndani, ni mtu anayetaka atolewe. Popote, ilimradi si pale.

ZUHURA: Sasa niulize la muziki. Mimi nimelelewa na dansi, solo inaimba, rithim inajaza, besi inatembea. Hapa solo iko wapi?

BARAKA: Ash hataki kuimba na gitaa. Analikwaruza, linalia kama bati linaloburutwa kwenye saruji, halafu ananyamaza. Wimbo unashikwa na besi ya David J na ngoma za Kevin Haskins. Ndugu wa tumbo moja, hao.

ZUHURA: Ndio maana! Hawagongani kabisa. Ile besi ya “Double Dare” inakoroma, nilidhani spika yangu imepasuka.

BARAKA: Na ile hawakuirekodi studio. Waliipiga BBC, kwenye kipindi cha John Peel, wakajaribu kuirudia wakashindwa kuifikia. Ikabidi waombe ile ile ya redioni.

ZUHURA: Wangeomba na ruhusa ya kuutupa “Small Talk Stinks”.

BARAKA: Huo hata mimi nauruka. Lakini “The Spy in the Cab” uliusikia?

ZUHURA: Ule wa polepole? Nilijua ni wa kijasusi.

BARAKA: Jasusi mwenyewe ni takografu! Kile kifaa cha kwenye malori kinachoandika mwendo na saa za dereva. Madereva wa Uingereza walikiita hivyo hivyo, jasusi ndani ya kebini.

ZUHURA: Acha! Kama kile kidude cha mabasi ya mikoani, dereva akizidisha mwendo kinaanza kulia na abiria wote wanamgeukia.

BARAKA: Ndicho. Sasa niambie, vampaya yuko wapi hapo?

ZUHURA: Hayupo. Ila “Stigmata Martyr” nao? Mtu anasali Kilatini huku gitaa linachinjwa. Usinidanganye eti hao hawapendi giza.

BARAKA: Murphy kalelewa Kikatoliki, yale ni ya nyumbani kwao. Lakini sawa, hapo umenishika. Na wahakiki wa Uingereza waliwashika hapo hapo, waliiponda albamu kweli kweli. Wanunuzi hawakujali, ikawa namba 1 kwenye chati ya lebo huru, na namba 72 ya taifa.

ZUHURA: Upande wa pili umeisha. Nigeuze?

BARAKA: Geuza, tuanze na “Double Dare”.

ZUHURA: Hapana, peleka sindano mwisho wa upande wa kwanza. Nataka wa yule dereva.