Wadogo zangu wa tabianchi, leo nawajibu

Ugonile wana Rungwe, na nyie wa Uyole, Iringa, mambo vipi. Leo nalijibu lile swali maana nikipost chochote, hata nikipika makande, mtoto wa form two anaibuka kwenye komenti, dada nataka niwe mwanasayansi wa tabianchi nifanyeje. Kabla hamjaanza: sijisifu wala silalamiki. Nikiongelea kodi mnasema nalialia, nikipost theluji ya huku Ujerumani naringa, sasa nishike lipi jamani.

Kwanza sio kupanda miti. Ni hesabu, fizikia na kompyuta, kutwa nipo na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, naangalia mvua ya miaka 30 na kuendelea. Wanasayansi wa tabianchi Manabe na Hasselmann walipewa Nobel 2021, ya fizikia hiyo. So advance nenda PGM (fizikia, jiografia, hesabu) au PCM (fizikia, kemia, hesabu), na UDSM meteorolojia ipo, sio lazima uanzie Ulaya.

Halafu usiwe mtu wa kusema tabianchi kila kitu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi kuanzia 1993, wengi wanasingizia mvua, lakini kule juu Usangu maji yanaingizwa kwenye mashamba ya mpunga, na kiangazi mto una maji kidogo tayari. Kutenganisha hivyo vitu ndio kazi yenyewe.

Haya, hela. Huku Ujerumani kama huna skolashipu, viza ya mwanafunzi wanataka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, unatoa 992 kwa mwezi. Hela yako mwenyewe unapimiwa kama mtoto! Mimi skolashipu nilipata ila transkripti ilikuja jina la kati limekosewa herufi moja, basi nikaenda ofisi moja Dar mara nne, kwa basi toka Tukuyu, nauli yangu, nafika naambiwa mhusika yupo kikaoni. Kikao gani hicho cha wiki tatu? Nilikosa muhula mzima hivi hivi. Cheki majina yenu mapema, cheti cha kuzaliwa, cha form four, vyote.

Ila hiyo ni mimi, mwenzio kapita kirahisi tu, usije ukasema dada alinidanganya.

Na nyumbani wasikuelewe usishangae, bamkubwa mpaka leo ananipigia kuuliza kesho itanyesha? Bamkubwa, upo Tukuyu. Itanyesha.